Miti ya Dodoma ihesabiwe Novemba, kiangazi kinapokwisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu kampeni za kupanda miti katika jiji letu la Dodoma, ambalo naamini linawagusa pia wasomaji wa Singida, Shinyanga na miji mingine yote yenye msimu mmoja tu wa mvua. Ombi langu ni kwamba viongozi wetu waache kututangazia idadi ya miche iliyopandwa, na watutangazie idadi ya miti iliyo hai baada ya viangazi vitatu. Hesabu hiyo ikibadilika, mambo mengine mengi yatalazimika kubadilika pamoja nayo: aina ya miti, mahali inapopandwa, nani analipwa, na nani ana kauli siku ambayo mkandarasi anafika na msumeno.

Sisemi haya kwa kuzipinga kampeni zenyewe. Tangu uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipotolewa mwaka 1973 na kuundwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi tuliijua kwa jina la CDA, suala la kijani limekuwa sehemu ya ndoto ya mji huu. Mpango Kabambe wa mwaka 1976, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Canada, ulitenga maeneo ya wazi na mikanda ya miti kati ya makazi, na miarobaini mikubwa inayotia kivuli mitaa yetu ya zamani ni ushahidi kwamba waliotutangulia walipanda na wakamwagilia. Desemba 2017 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani. Miezi minne baadaye, Aprili 2018, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na tangu hapo wizara, taasisi, benki, vyuo, makanisa na misikiti vimeshiriki kupanda. Nia ipo, na mikono ipo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuulea mche baada ya mgeni rasmi kuondoka.

Chanzo kimojawapo ni lengo tulilojiwekea. Kwa miaka mingi kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Lengo la namna hiyo humfanya ofisa mazingira, ambaye mara nyingi hana gari wala boza la maji, aandike katika taarifa yake miche iliyotoka kitaluni, kwa sababu hiyo ndiyo anayoulizwa. Hakuna anayemuuliza mwezi wa kumi ni mingapi imebaki. Mwaka unaofuata hurudi mahali palepale na kupanda miche mingine, pengine katika mashimo yaleyale, na idadi hiyo mpya hujumlishwa juu ya ile ya kwanza. Tukijumlisha hivyo kwa miaka kumi tutakuwa, kwenye karatasi, na msitu mzito kutoka Nkuhungu hadi Mtumba.

Mvua ya Dodoma kwa wastani ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na hukatika Aprili, kisha kuanzia Mei hadi Novemba hakuna mvua ya kutegemewa, huku Julai na Agosti ukivuma upepo mkavu unaokausha hata majani ya mti mkubwa. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti tumezoea kuiadhimisha Aprili 1. Tarehe hiyo inafaa sana Pwani, Arusha na Kilimanjaro, ambako wakati huo masika ndiyo kwanza yamechanganya, lakini hapa kwetu mche unaopandwa siku hiyo hupata wiki chache za unyevu na kisha hukabiliwa na miezi saba ya ukame ukiwa na mizizi ya urefu wa kidole. Nawapongeza wote wanaopanda Desemba na Januari. Hata hivyo bado zipo taasisi zinazosubiri Aprili kwa sababu ndipo shughuli inapofanyika kitaifa na ndipo waandishi wa habari wanapofika, na kwa upande wa mti, kuchelewa huko ni hukumu.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilipita kwenye safu ya miche iliyokauka nje ya uzio wa taasisi moja ya umma, nikauvuta mmoja ili nione kilichouua. Ulitoka kwa mkono mmoja. Kiriba cheusi cha plastiki kilikuwa bado kimeizunguka mizizi, nayo ilikuwa imejiviringisha humo ndani mpaka ikafanana na kamba iliyokunjwa, bila hata mmoja uliokuwa umetokeza nje kuutafuta udongo. Shimo lenyewe lilikuwa na kina cha kiganja, limechimbwa kwa jembe kwenye ardhi iliyoshindiliwa na mitambo ya barabara. Simlaumu aliyeupanda. Huenda alikuwa mwanafunzi au mtumishi aliyepewa mche akaambiwa afanye haraka, wala hakuna aliyemweleza kwamba kiriba huchanwa na kuondolewa kabla ya kupanda, kwamba shimo katika ardhi ngumu kama ile linapaswa kuwa na upana na kina cha futi mbili, na kwamba udongo wa juu hutengwa ili urudishwe chini, kwenye mizizi. Haya kila bwana shamba anayajua, na wakulima wetu wa zabibu wanayajua zaidi. Mji ambao wenyeji wake huulea mzabibu katika kiangazi hiki hiki hauwezi kusemwa kwamba haujui kutunza mmea.

Kisingizio kinachotolewa mara kwa mara ni maji, nami nakiri kwamba maji Dodoma ni shida ya kweli, kwa kuwa visima vya Mzakwe vimekuwa vikiuhudumia mji unaokua kwa kasi kubwa kuliko ilivyotarajiwa na mgao tunaujua sote. Lakini tupige hesabu. Mche ukipewa dumu moja la lita 20 mara mbili kwa wiki, kwa wiki 30 za kiangazi, utatumia madumu 60, yaani lita 1,200, ambazo ni uniti moja na ushei ya maji. Kiasi hicho kinapungua sana ikiwa mche umewekewa kisahani cha udongo kuuzunguka na matandazo ya majani makavu, au ikiwa chupa ya plastiki iliyotobolewa imefukiwa karibu na mizizi ili maji yadondoke taratibu, kama zinavyofanya baadhi ya shule zetu. Matandazo yasiliguse shina, maana mchwa wa Dodoma hawana huruma. Na maji ya kusuuzia nguo, ambayo kila nyumba huyamwaga nje, yanatosha kabisa kwa mti ulio mbele ya mlango. Bei ya uniti moja ya maji ya bomba haifikii bei ya fulana moja inayogawiwa siku ya uzinduzi. Maji ya boza ni ghali zaidi, lakini hata hayo ukiyalinganisha na gharama za mahema, viti, vipaza sauti na chakula cha siku ile, utaona kwamba fedha za kuutunza mti zipo, ila zinatumika zote kabla mti haujaanza kuishi.

Ndiyo maana nasema viangazi vitatu. Katika kiangazi cha kwanza mche hauna mizizi ya kufikia unyevu ulio chini, na usiponyweshwa hufa. Cha pili unajikongoja. Ukivuka cha tatu, kama ni mwarobaini, mkwaju au mgunga, huwa umeshika, na kuanzia hapo unahitaji kulindwa dhidi ya binadamu kuliko dhidi ya jua.

Naomba sasa nizungumzie hao binadamu, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Ukizunguka mjini utaona kwamba karibu kila mti mchanga uliostawi bila uzio una mtu anayekaa chini yake au anayetarajia kukaa. Upo mwarobaini kwenye kijiwe cha bodaboda, umezungushiwa mirunda na vipande vya tairi, na kila asubuhi anayewahi foleni ndiye anayemimina dumu. Upo mwingine kwa mama lishe anayemwaga hapo maji aliyooshea mchele na mboga. Watu hawa hawakuhudhuria semina yoyote. Wanautunza mti kwa sababu kivuli chake ndicho ofisi yao, na kwa sababu wanaamini, japo hakuna karatasi inayosema hivyo, kwamba mti ule ni wao. Kinyume chake, miche iliyopandwa kwa mstari katikati ya barabara pana, mahali ambapo hakuna anayesimama wala kupumzika, hubaki ikitegemea boza linalokuja wiki hii na kukosekana wiki tatu zinazofuata.

Imani hiyo kwamba mti ni wao ndiyo tunayoivunja mara kwa mara. Katika mtaa ninaoishi, majirani tulipanda miti mbele ya nyumba zetu, kando ya barabara, tukaimwagilia kwa zamu kwa miaka kadhaa hadi ikafika urefu wa paa. Siku moja asubuhi mkandarasi aliyekuwa anachimba mtaro alifika na watu wake, na kabla ya adhuhuri miti yote ilikuwa imelala chini. Hakukuwa na barua, wala tangazo kwa mwenyekiti wa mtaa, wala swali kwamba je, mtaro ungeweza kupita mita moja upande wa pili, ambako palikuwa wazi. Tulipouliza tukaambiwa kwamba hiyo ni hifadhi ya barabara, na ni kweli kisheria. Lakini tangu siku hiyo hakuna hata jirani mmoja aliyepanda tena, na nikiwauliza wananijibu kwamba hawawezi kumlelea mtu mwingine kuni. Sidhani kama kuna kampeni inayoweza kulifuta jibu hilo kwa hotuba. Linaweza kufutwa kwa kanuni inayompa mlezi wa mti haki ya kuarifiwa na kusikilizwa.

Mfano wa kumlipa anayelea tunao hapa jirani tu. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, vikundi vya kina mama vilipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliotiwa ardhini. Wengi wetu tunamkumbuka kwa kupigania Uhuru Park na msitu wa Karura, na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, lakini mimi naona busara yake kubwa ilikuwa katika kanuni hiyo ndogo ya malipo, iliyomfanya mama wa kijijini awe na sababu ya kurudi kuutazama mche wake baada ya miezi. Mji wa Freetown nchini Sierra Leone umeichukua njia ya aina hiyo katika mazingira ya mjini. Agosti 2017 mlima uliokuwa umevuliwa miti uliporomoka baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 1,000 walifariki au kupotea. Mwaka 2020 jiji hilo, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, lilianza mpango wa kupanda miti milioni moja, ambapo kila mche hupewa namba yake na kupigwa picha kwa simu, kisha wakazi wa maeneo husika hulipwa kwa kuutunza na kuupiga picha tena baada ya muda kuthibitisha kwamba uko hai. Mti wenye namba na mlezi anayejulikana kwa jina hauwezi kufa kimyakimya ndani ya taarifa.

Hata kwenye miji yenye uwezo mkubwa hali ni hiyohiyo. Watafiti waliokagua zaidi ya miti michanga 13,000 kwenye barabara za New York walikuta karibu robo tatu ikiwa hai, na wakaona kwamba ile yenye dalili za kutunzwa na watu wa jirani, kama vile kibao kidogo au udongo uliotifuliwa, ilikuwa imepona zaidi ya ile isiyo na mwenyewe. Ikiwa huko, ambako mvua hunyesha mwaka mzima, mti unahitaji jirani, sembuse Dodoma.

Kwa hiyo napendekeza kwa Halmashauri ya Jiji kwamba kila ofisi ya mtaa iwe na daftari la miti. Mti wowote unaopandwa kwenye eneo la umma uandikwe humo kwa namba, aina, mahali na jina la mlezi, ambaye anaweza kuwa kaya, duka, kijiwe, kikundi cha vijana au msikiti, na asiandikwe mtu ambaye hajakubali mwenyewe. Asipopatikana mlezi, mti usipandwe mahali hapo, hata kama shimo limeshachimbwa na mgeni rasmi yuko njiani. Kila Novemba, kabla ya mvua za kwanza, mtendaji wa mtaa na wajumbe wapite na daftari hilo kuhesabu miti iliyo hai, na matokeo yasomwe katika mkutano wa wakazi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nimechagua Novemba makusudi, maana Februari kila kitu Dodoma ni kijani na kila mtu anaonekana amefanya kazi. Fedha za wafadhili na za bajeti zigawanywe ili sehemu kubwa ilipwe kwa walezi baada ya hesabu hizo, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kiasi cha malipo kinaweza kuwa kidogo, au hata kikawa punguzo kwenye ankara ya maji iwapo mamlaka yetu ya maji itakubali kukaa na Jiji na kulijadili jambo hilo.

Sambamba na hilo, Baraza la Madiwani lina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na naliomba litunge moja inayosema kwamba mti ulioandikwa kwenye daftari la mtaa hautakatwa mpaka mtaa na mlezi wapewe taarifa ya maandishi angalau wiki mbili kabla, na mkandarasi aeleze kwa nini hawezi kuukwepa. Palipo na ulazima wa kweli, kama vile nguzo za umeme, bomba kuu au barabara, mti ukatwe, lakini aliyeukata apande mingine na kuigharamia kwa viangazi vitatu hivyohivyo, na kuni apewe mlezi. Gharama hiyo iandikwe kwenye mkataba wa ujenzi tangu mwanzo, na nina hakika kwamba mitaro mingi itapatikana kuwa inaweza kupinda.

Shule nazo zinahitaji kutazamwa upya. Tumezigeuza kuwa mahali pa kwanza pa kupelekea miche, kwa sababu zina eneo na zina watoto wengi wa kubeba madumu, lakini tunasahau kwamba zinafungwa mwezi wa sita, katikati ya kiangazi, na miche hukaa wiki kadhaa bila tone la maji huku mbuzi wakiingia kwa nafasi. Walezi wa miti ya shule wawe pia wazazi wanaoishi karibu na uzio, na wapewe haki ya kuchuma maembe au ukwaju utakapozaa. Nataja matunda kwa sababu tumeutegemea mno mwarobaini. Nauheshimu mti huo, unavumilia ukame na mbuzi hawaupendi sana, ila jiji zima kutegemea aina moja ni hatari siku ugonjwa au mdudu wake atakapofika, na haulishi mtu. Mkwaju, mng'ongo na mgunga ni ya kwetu na inaijua ardhi hii. Katika maeneo ya wazi ambayo hayajajengwa, kwenye vilima na kando ya makorongo, mara nyingi hakuna haja ya kupanda chochote: visiki vilivyo hai bado vipo ardhini, na njia ya kisiki hai, ambayo wakulima wengi wa mkoa huu wamefundishwa, ya kuchagua machipukizi machache yenye afya, kuyapogolea na kuyalinda na mifugo, inaleta mti haraka kuliko mche kwa kuwa mizizi yake ilishafika chini siku nyingi.

Wenyeviti wa mitaa tuliowachagua Novemba 2024 wako madarakani kwa miaka mitano, muda unaotosha kuuvusha mti viangazi vitatu na kuonyesha hesabu yake wakati wakiwa bado ofisini. Daftari linaweza kuanza na miti ambayo tayari ipo, hata kama ni ishirini tu kwa mtaa, na kazi hiyo haihitaji bajeti mpya wala agizo kutoka juu. Namwomba mwenyekiti wa mtaa wangu, na wenzake wa Chang'ombe, Kizota, Nzuguni, Ipagala na kwingineko, waliweke suala hili kwenye ajenda ya mkutano ujao wa wakazi. Mimi na majirani zangu tuko tayari kuandikwa wa kwanza, endapo tutahakikishiwa kwamba safari hii tutaulizwa kabla ya msumeno kuwashwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma.